Posa na Mkeka: Miungano ya Vyama katika Majimbo ya India

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni, waheshimiwa madiwani, na ninyi vijana wa vyama mbalimbali mliokubali kukaa chini ya paa moja Jumamosi asubuhi: asanteni kwa kunialika.

Mliniomba nizungumzie miungano ya vyama vya siasa. Naomba niwapeleke India. Nilisoma sheria Bengaluru kuanzia 2016 hadi 2019, na niliyoyaona huko hunirudia kila ninaposikia viongozi wetu wakitangaza kwamba wameungana. India ina mabunge ya majimbo yapatayo 30, na karibu kila mwaka majimbo kadhaa hupiga kura. Katika wingi huo hakuna aina ya muungano ambayo haijajaribiwa. Upo uliodumu miaka 34 na upo ambao haukumaliza siku nne.

Tukubaliane maneno kwanza tusije tukapotezana. Nikisema jimbo nina maana ya jimbo kama Karnataka au Bihar, lenye serikali yake na bunge lake. Bihar peke yake ina watu zaidi ya milioni 100, kwa hiyo msifikirie jimbo kama Ubungo au Kisauni. Eneo linalochagua mbunge mmoja nitaliita kiti. Na mkuu wa serikali ya jimbo nitamwita Waziri Kiongozi, cheo ambacho ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nacho hadi 2010. Waziri Kiongozi hapigiwi kura na wananchi. Anakuwa Waziri Kiongozi kwa sababu zaidi ya nusu ya wabunge wako nyuma yake, na wakimwacha, anaondoka. Anayemwita na kumwapisha ni gavana, na gavana huteuliwa na Rais kwa ushauri wa serikali kuu ya Delhi. Huyu gavana mkumbukeni.

Sasa twendeni Bengaluru, mji mkuu wa jimbo la Karnataka, Jumanne ya tarehe 15 Mei 2018, siku ya matokeo ya uchaguzi wa bunge la jimbo.

Karibu na nilikopanga palikuwa na kibanda cha chai. Mwenyewe alikuwa mtu wa Mandya, wilaya ya miwa na mpunga iliyo kwenye barabara ya kwenda Mysuru. Chai yake ya maziwa na tangawizi aliimimina kutoka juu, mkono mmoja usawa wa bega na mwingine usawa wa kiuno, ikatua kwenye bilauri ndogo bila tone kupotea. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto bado kilikuwa na wino wa kura ya Jumamosi, mstari mweusi uliopita juu ya ukucha ukashuka hadi kwenye ngozi. Juu ya rafu ya biskuti palikuwa na televisheni ndogo, na siku ile wateja tulikuwa tumejazana pale kama kuna fainali.

Mzee huyu alikuwa mtu wa JD(S), chama cha hukohuko Karnataka ambacho alama yake ni mwanamke aliyebeba mganda wa mpunga kichwani. Kule kwao Mandya mpinzani wa JD(S) ni Congress, tangu enzi na enzi. BJP, chama kilichokuwa kinatawala Delhi, huko ilikuwa ni habari ya kusikia. Katika kampeni ile Rahul Gandhi, kiongozi wa Congress, alipita jukwaa kwa jukwaa akiwaambia watu kwamba JD(S) ni timu B ya BJP. Kaka yake mzee huyu, wa tumbo moja, alikuwa mhamasishaji wa Congress kijijini kwao, na tangu kampeni zianze walikuwa hawasalimiani.

Asubuhi namba za BJP zilipanda hadi ikaonekana imevuka nusu. Mchana zikaanza kurudi nyuma. Viti vilivyopigiwa kura vilikuwa 222, nusu na mmoja ni 112. BJP ikaishia 104. Congress 78. JD(S) 37. Na hapo kuna jambo la kuangalia kwa makini, maana Congress ndiyo iliyopata kura nyingi kuliko wote, asilimia 38 dhidi ya 36 za BJP, lakini ikapitwa kwa viti 26. Anayeongoza kwenye kiti hata kwa kura moja anakichukua chote, na kura za ziada unazojirundikia mahali pamoja hazikusaidii mahali pengine.

Kabla hesabu haijafungwa, habari ikapita chini ya kioo: Congress imeiambia JD(S), chukueni ninyi uwaziri kiongozi, sisi tutawaunga mkono. Chama chenye viti 78 kinampa kiti cha enzi mwenye 37. Mle kibandani watu walipiga makofi, kwa sababu chama chao kimepata serikali. Mzee yule aliweka sufuria chini. Akasema, na hakuwa akimwambia mtu yeyote: "Sasa nitamwambia nini kaka yangu?"

Nimekuja hapa leo kwa ajili ya swali hilo. Mengine yote nitakayosema yanalizunguka.

Wazee mnaijua ndoa ya posa na mnaijua ndoa ya mkeka. Kwenye posa barua inapelekwa, wazee wanakaa, mahari yanatajwa, majirani wanajua miezi kabla. Kwenye mkeka watu wamekutwa, mkeka unatandikwa usiku huohuo, na asubuhi mtaa unaambiwa hawa ni mume na mke. Muungano uliotangazwa kabla ya kura ni posa, kwa sababu mpiga kura anakwenda kituoni akijua anachagua nyumba ipi na nani atakaa kichwani mwa meza. Muungano uliofungwa baada ya kura ni mkeka. Sisemi kwamba mkeka ni haramu siku zote. Bunge likikosa mwenye nusu, lazima watu wazungumze, la sivyo jimbo halina serikali. Ninachosema ni kwamba vitu hivi viwili havimdai mpiga kura sawa, wala haviwezi kumwomba uvumilivu ule ule.

Niwape posa iliyofanywa vizuri.

Bihar, mwaka 2014, uchaguzi wa bunge la taifa. BJP na washirika wake walichukua viti 31 kati ya 40. Wapinzani wao walikuwa vipande: Nitish Kumar na chama chake cha JD(U) upande mmoja, Lalu Prasad na RJD pamoja na Congress upande wa pili. Chukueni kiti chenye wapiga kura 100. Mmoja akipata 40, wa pili 35, wa tatu 25, wa kwanza anaingia bungeni na wale 60 waliomkataa wanarudi nyumbani mikono mitupu. Nitish na Lalu walifanya hesabu hiyo. Walikuwa mahasimu wa miaka 20. Nitish alikuwa amejenga jina lake kwa kuwaambia watu wa Bihar kwamba atawatoa kwenye utawala wa Lalu, na kweli mwaka 2005 alikiondoa chama cha Lalu madarakani. Watu hao wawili, mwaka 2015, wakakaa pamoja.

Na hapa ndipo pa kujifunza, ndugu zangu, kwa sababu kukaa pamoja kila mtu anaweza. Waligawana viti. Bunge la Bihar lina viti 243: RJD ikapewa 101, JD(U) 101, Congress 41. Fikirieni uzito wa namba hizo. Mwaka 2010 JD(U) ilikuwa imeshinda viti 115, na RJD 22 tu. Chama chenye ushindi wa 115 kikakubali kusimamisha watu 101, sawasawa na chama kilichoshinda 22. Maana yake wapo watu wa Nitish, waliokuwa na matumaini, pengine na mabango tayari, walioitwa wakaambiwa: safari hii kiti chako anagombea mwenzetu, na wewe utamfanyia kampeni. Hayo ndiyo mahari. Muungano ambao hakuna aliyetoa kiti chake bado ni mazungumzo.

Pia walitaja mapema, mwezi Juni, kwamba wakishinda Waziri Kiongozi atakuwa Nitish. Lalu alisema hadharani kwamba yuko tayari kumeza sumu ya kila aina ili kuizuia BJP, na watu walielewa sumu yenyewe ni nini. Kura zilipigwa kwa awamu tano, kuanzia tarehe 12 Oktoba hadi tarehe 5 Novemba, na tarehe 8 matokeo yakatoka: muungano viti 178, BJP na wenzake 58. Kama chama kimoja kimoja, BJP ndiyo iliyoongoza kwa kura, asilimia 24, huku RJD ikipata 18. Nikiri kwamba BJP ilikuwa imesimamisha wagombea zaidi ya 150, kwa hiyo si haki kulinganisha namba hizo bila kutaja hilo. Lakini viti ilipata 53.

RJD ikatoka na viti 80, JD(U) 71. Wale vijana wenye haraka wangesema, sasa mkubwa ni sisi, tupeni uwaziri kiongozi. Hawakusema. Tarehe 20 Novemba Nitish akaapishwa kama ilivyoahidiwa. Mtu aliyezoea kubonyeza taa ya chemli, alama ya RJD, kwenye mashine ya kura, alibonyeza mshale wa JD(U) kwa sababu aliambiwa ukweli kabla, na ukweli ule ukatimizwa.

Ingekuwa hadithi ningeishia hapo. Jioni ya tarehe 26 Julai 2017 Nitish alijiuzulu, akisema hawezi kuendelea na naibu wake, mtoto wa Lalu, aliyekuwa anakabiliwa na tuhuma za ufisadi. Asubuhi iliyofuata aliapishwa tena kuwa Waziri Kiongozi. Safari hii mshirika ni BJP. Tarehe 28 akapata kura ya imani, 131 kwa 108. Hazikupita saa 24 kati ya kujiuzulu na kuapishwa, na watu walioipigia kura nyumba moja wakajikuta wanatawaliwa na nyumba waliyoikataa, mlango wake ukifunguliwa na mtu waliyemchagua wao. Agosti 2022 akarudi kwa RJD. Tarehe 28 Januari 2024 akarudi kwa BJP.

Wapo wanaoniambia: mbona watu wa Bihar hawakumwadhibu? Ni kweli. Novemba 2025 muungano wake na BJP ulipata viti 202 kati ya 243 na yeye akaapishwa kwa mara ya kumi. Nalipokea jibu hilo kwa heshima. Mpiga kura ana mambo mengi ya kupima, barabara, umeme, usalama wa binti yake anayekwenda shule kwa baiskeli, na fedha zilizoingia kwenye akaunti za wanawake kabla ya uchaguzi ule. Lakini mtu kusamehewa hakumaanishi kwamba hakukosea, na wale wa mwaka 2017 hawakuulizwa.

Hapo mtauliza, hakuna sheria? Ipo, na ina historia.

Mwaka 1967, katika jimbo jipya la Haryana, mbunge mmoja aitwaye Gaya Lal alihama chama mara tatu ndani ya wiki mbili. Tangu hapo India ikapata msemo unaotumika hadi leo, "Aaya Ram, Gaya Ram", yaani Ram kaja, Ram kaondoka. Serikali za majimbo zilikuwa zikianguka kama maembe mabivu. Mwaka 1985, chini ya Waziri Mkuu Rajiv Gandhi, katiba ikarekebishwa: mbunge anayekiacha chama kilichomchagua anapoteza kiti. Ila ukaachwa mwanya, kwamba theluthi moja ya wabunge wa chama wakijitenga pamoja, hiyo si kuhama, ni mgawanyiko, na hawaguswi. Matokeo yake watu wakaanza kuhama kwa mafungu. Mwaka 2003 mwanya huo ukazibwa. Ukabaki wa kuungana na chama kingine kwa theluthi mbili. Marekebisho hayohayo yakaweka ukomo kwamba mawaziri wasizidi asilimia 15 ya wabunge, kwa sababu kila mtu alikuwa anajua kwamba uwaziri ndio fedha iliyokuwa inatumika sokoni.

Sheria hiyo nimeisoma darasani, nimeifanyia mtihani, na kasoro yake kubwa inaniuma mpaka leo. Inamkamata mbunge mmoja anayekitoroka chama. Kiongozi anayekichukua chama kizima akakihamishia upande wa pili haimgusi. Nitish hakuvunja kifungu chochote mwaka 2017. Mbunge wake ambaye angesema, mimi niliahidi watu wangu muungano ule na nitabaki nao, ndiye ambaye angehatarisha kiti chake. Sheria iliyotungwa kulinda uaminifu ingempiga yule aliyebaki na ahadi.

Na hata wale wadogo wamepata njia. Turudi Karnataka. Serikali ya mkeka ya Congress na JD(S) iliapishwa tarehe 23 Mei 2018 mbele ya jengo la bunge, H.D. Kumaraswamy akiwa Waziri Kiongozi, viongozi wa upinzani kutoka nchi nzima wakishikana mikono juu. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2019, wabunge wake walianza kuandika barua za kujiuzulu. Hawakuhama, walijiuzulu tu. Idadi ya wabunge ikipungua, nusu yake nayo inapungua, na wale waliokosa nusu jana wanaipata leo karibu bila kuongeza mtu. Wengi wa waliojiuzulu walijifungia kwenye hoteli moja mjini Mumbai, karibu kilomita 1,000 kutoka kwa watu waliowachagua. Waziri wa serikali yao wenyewe, D.K. Shivakumar, alisafiri kwenda kuwashawishi warudi. Alikuwa na chumba alichokodi katika hoteli ileile. Polisi walimzuia getini, naye akakaa nje kwa saa kadhaa. Picha ile tuliiona sote, waziri yuko nje, wabunge wa muungano wake wako ndani ghorofani, na pazia zimefungwa.

Tarehe 23 Julai kura ya imani ikapigwa: 99 kwa 105. Serikali ikaanguka. Spika akawavua ubunge watu 17. Mahakama Kuu Kabisa ikakubaliana naye Novemba, lakini ikasema hakuna kinachowazuia kugombea tena. Uchaguzi mdogo wa viti 15 ukafanyika tarehe 5 Desemba, BJP ikasimamisha wengi wa watu hao, ikashinda viti 12. Baada ya miezi miwili wengi wa waliorudi wakawa mawaziri.

Naona baadhi yenu mnatazamana. Ndiyo, hata mimi nilipokuwa nikiangalia hayo nilikumbuka nyumbani. Ibara ya 71 ya katiba yetu inasema mbunge akiacha chama chake anapoteza ubunge. Sawa. Desemba 2017 wabunge wa Kinondoni na Siha, mmoja wa CUF na mwingine wa Chadema, walijiuzulu wakahamia CCM, na tarehe 17 Februari 2018 wakarudi kwenye viti vilevile kwa tiketi mpya. Wakafuata wengine, na neno likapatikana: kuunga mkono juhudi. Sitaki kumnyoosha kidole mtu wa chama chochote humu ndani. Nataka mwone tu kwamba Bengaluru na Kinondoni, katika miaka ileile, walipita kwenye mlango mmoja, na mlipa kodi wa pande zote mbili ndiye aliyegharimia uchaguzi wa pili.

Nilisema mkumbukeni gavana. Namrudia, kwa sababu kuna jambo ambalo India wamelifanya vizuri kuliko wengi wetu.

Mwaka 1989 Waziri Kiongozi wa Karnataka alikuwa S.R. Bommai. Gavana alipokea barua 19 za wabunge wakisema wamemwacha. Haukupita muda saba kati yao wakaandika tena kwamba walidanganywa kutia saini. Bommai akaomba jambo moja tu, kwamba bunge liitishwe, wahesabiwe. Gavana akakataa, akapeleka taarifa Delhi, na tarehe 21 Aprili serikali ikaondolewa. Kesi ilichukua miaka mitano. Machi 1994, majaji tisa wa Mahakama Kuu Kabisa wakaamua kwamba swali la nani ana wabunge wengi linajibiwa ndani ya ukumbi wa bunge, mbele ya macho ya watu. Halijibiwi sebuleni kwa gavana.

Nimeona hukumu ile ikifanya kazi. Baada ya matokeo ya Mei 2018 gavana alimwita B.S. Yeddyurappa wa BJP, mwenye viti 104, akampa siku 15 za kuthibitisha wingi wake. Siku 15, katika nchi ambayo mbunge anaweza kufichwa hotelini kwa usiku mmoja! Congress na JD(S) wakakimbilia mahakamani usiku. Majaji watatu walikaa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Bwenini kwetu hakuna mwanafunzi wa sheria aliyelala. Tulikuwa tunasoma kwenye simu neno kwa neno kinachosemwa Delhi. Hawakuzuia kiapo, naye akaapa saa tatu asubuhi. Lakini siku iliyofuata wakazifuta zile siku 15, wakaagiza kura ya imani ipigwe Jumamosi tarehe 19, saa kumi jioni. Jumamosi hiyo Yeddyurappa alisimama bungeni, akahutubia, na kabla kura haijapigwa akatangaza kwamba anakwenda kujiuzulu. Namba hazikuwepo. Walihesabiana pale pale, hakuna aliyekufa, hakuna duka lililochomwa, na mimi niliyekulia katika eneo ambalo siku ya matokeo watu huhifadhi unga na mafuta ya taa, nililia. Nawaambieni ukweli, nililia.

Maharashtra mwaka uliofuata ilikuwa vilevile kwa haraka zaidi. BJP na Shiv Sena, chama cha hukohuko, walikwenda kwa wapiga kura wakiwa wameposana, wakapata viti 105 na 56, jumla 161 kati ya 288, nusu na zaidi. Wakagombana nani akae kitini na kwa zamu gani, kwa sababu kilichokubaliwa kuhusu zamu hizo hakikuwa kimewekwa hadharani. Kila upande ulikuwa na kumbukumbu yake. Novemba 23, asubuhi mji wa Mumbai ukiamka, Devendra Fadnavis wa BJP alikuwa anaapishwa pamoja na Ajit Pawar, mtoto wa kaka yake kiongozi wa NCP, chama cha upinzani. Usiku uliotangulia Ajit alikuwa upande wa pili. Mahakama ikaamuru kura ya wazi, ionyeshwe moja kwa moja kwenye televisheni. Serikali ile ikajiuzulu tarehe 26 kabla ya kuhesabiwa. Kisha Shiv Sena ikatawala na Congress na NCP hadi Juni 2022, wabunge wake walipomfuata Eknath Shinde hadi hotelini Guwahati, upande wa pili wa nchi. Ukiangalia chanzo cha yote hayo ni ahadi ya zamu ambayo haikuandikwa mahali mpiga kura angeweza kuisoma.

Ndiyo maana Kerala inanivutia, ingawa haina vituko vya kutangazwa. Kule vyama vimejipanga kwa miongo katika kambi mbili, LDF na UDF, na kila mwananchi anajua chama gani kiko kambi gani kabla ya kampeni kuanza. Kambi hizo zilipokezana madaraka uchaguzi hadi uchaguzi, na mwaka 2021 LDF ilipochaguliwa tena kwa viti 99 kati ya 140, ilikuwa ni mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 40 kwa serikali kurudishwa mfululizo. Na muungano niliosema ulidumu miaka 34 ni ule wa vyama vya mrengo wa kushoto West Bengal, kuanzia 1977 hadi 2011. Waliishia kushindwa kwa kura, kama inavyopaswa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, ninyi mtakaokaa kwenye meza hizo za mazungumzo siku moja. Sisi hapa mwaka 2015 tulikuwa na UKAWA. Vyama vinne, makubaliano ya kuachiana viti, jambo la kijasiri. Lakini kwenye karatasi ya kura jina UKAWA halikuwepo, na yapo maeneo ambako vyama viwili vya umoja huohuo vilisimamisha mgombea kila kimoja. Wakenya wenzetu sheria yao inataka mkataba wa muungano upelekwe kwa Msajili wa Vyama, na hata hivyo baada ya Agosti 2022 vyama vilivyogombea chini ya muungano wa Azimio vilivuka kwenda upande wa pili, Spika Moses Wetang'ula akawahesabu huko Oktoba, na ilikuwa Februari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipobatilisha uamuzi wake. Karatasi iliyofungiwa kabatini haitoshi. Orodha ya nani anaachia kiti gani ibandikwe ofisini kwa mtendaji wa kata, pale tunapobandika orodha ya wapiga kura. Atakayeongoza atajwe kwa jina. Zamu kama ipo, iandikwe inaanza lini inaisha lini. Na chama kikitaka kutoka kwenye muungano kiliouombea kura, kiongozi wake kwanza aende akasimame kwenye uwanja aliosimama akiomba kura hizo, aseme kwa mdomo wake kwa nini. Najua wanasheria wenzangu watasema hilo la mwisho haliwezi kuandikwa kwenye kifungu. Wajaribu.

Nimalizie kwa mzee wa chai. Uchaguzi wa bunge la taifa ulifika Aprili 2019, na Mandya ilipangiwa tarehe 18. Mgombea wa muungano alikuwa Nikhil, mtoto wa Waziri Kiongozi Kumaraswamy. Mwaka mmoja tu nyuma JD(S) ilikuwa imezoa viti vyote 7 vya wilaya ile. Juu kwa wakubwa hesabu ilikuwa rahisi: kura za JD(S) ukijumlisha na za Congress, nani atawashinda? Mpinzani alikuwa Sumalatha, mjane wa mwigizaji na mwanasiasa maarufu wa Congress wa hukohuko, aliyesimama kama mgombea binafsi huku BJP ikimuunga mkono. Akamshinda Nikhil kwa kura zaidi ya 125,000. Katika jimbo zima BJP ikachukua viti 25 kati ya 28.

Mzee alifunga kibanda siku mbili kwenda kupiga kura. Aliporudi, wino mpya ulikuwa juu ya kidole kilekile. Nikamuuliza umempa nani, akaniambia bila kuficha: Sumalatha. Nikamuuliza na kaka yake je, yule wa Congress. Akapandisha mkono usawa wa bega, chai ikashuka.

"Naye pia," akasema. "Tulikwenda kituoni pamoja."